Bwana Shamba na Visu Vyekundu vya Magole

Nyumbani kwetu Magole hakukuwa na kisu kisafi. Vyote, kuanzia cha kukatia nyama mpaka kile kibutu cha kumenyea viazi, vilikuwa na wekundu fulani wa shaba kwenye ncha. Mgeni akija kula alikuwa anakitazama kisu kwanza, kisha anamtazama mama, kisha anasema nyama yake atainyofoa kwa mkono. Mharibifu alikuwa mpangaji wetu. Alipanga chumba cha uani, kile chenye mlango wa kufungwa kwa kamba, akasema anakaa kwa muda mfupi tu mpaka serikali impe nyumba. Serikali haikumpa nyumba, naye hakuondoka, na kwa miaka yote hiyo hakuna kisu kilichopita mbele yake kikabaki na amani.

Jina alikuwa nalo, bila shaka, kwenye karatasi za halmashauri huko Kilosa. Sisi hatukulitumia. Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, sijui, na sitajifanya najua. Kwetu alikuwa Bwana Shamba, na ukimwita hivyo alikuwa anaitika kama mtu aliyeamshwa usingizini, hata kama alikuwa amesimama mbele yako anaongea.

Mtu angetarajia bwana shamba awe anajua kulima. Wetu hakujua. Alipanda nyanya nyuma ya chumba chake mara kadhaa na zote zilimshinda. Za kwanza zilikufa kwa kiu wakati yeye amekwenda kufundisha umwagiliaji kijiji cha pili. Za pili ziliishia kwa kuku wa mama. Za tatu zilibeba vizuri, akatuita tuje tuone, na tulipofika tukamkuta mbuzi amemaliza mstari wa mwisho anatutazama huku anatafuna. Mama akamwambia mbele ya majirani, "Bwana Shamba, wewe fundisha tu. Kulima tuachie sisi."

Hakukasirika. Alisema, "Mama mwenye nyumba, mkunga wa pale zahanati ni mwanamume, na hajazaa hata mara moja."

Halafu alikuwa anaogopa ng'ombe. Nalisema hili bila kumwonea, maana kila mtu Magole alilijua, na ng'ombe wenyewe walilijua. Jirani yetu wa karibu alikuwa Baba Kulwa, mzee aliyekuja kutoka kanda ya ziwa na mke wake, mapacha wake na kundi la ng'ombe, akakaa, akaanza na mpunga, baadaye akaingia kwenye nyanya. Njia ya kwenda barabarani ilipita ubavuni mwa zizi lake. Kila asubuhi Bwana Shamba alikuwa anasimama mbali, amevaa gambuti zake ambazo hakuzivua hata kwenye harusi, anapaza sauti kutoka upande wa pili wa ng'ombe: "Shikamoo, mzee." Baba Kulwa alikuwa anaitikia marahaba ndefu, anamuuliza ameamkaje, kazi inaendaje, kisha anamsukuma ng'ombe mmoja pembeni ili mtu wa serikali apite.

Walipendana wale wawili. Jioni Baba Kulwa alikuwa anamtolea kigoda na kikombe cha maziwa, na Bwana Shamba anakunywa huku jicho moja liko zizini. Nasema hivi mapema ili ieleweke nitakapofika kwenye ile asubuhi ambayo marahaba haikuja. Bwana Shamba alisemwa sana maishani mwake, na mengi aliyapuuza. Hilo moja lilimla.

Lakini kwanza visu.

Adui wa nyanya za Magole ni ukungu. Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, majani yanaanza kupata madoa meusi, na wiki ikiisha shamba linanuka. Dawa za pakiti zipo madukani, na bei zake zipo pia, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tunatumia mrututu, zile chembe za bluu zinazong'aa kama sukari ya mashetani, kama mama alivyoziita. Unaziyeyusha kwenye maji, unachanganya na chokaa, unapuliza. Mrututu, alisema Bwana Shamba, ni shaba. Ni shaba ileile ya waya na bangili, ila imeyeyuka na kujificha majini, ndiyo maana huioni.

Hapo ndipo akili yake ilipowaka. Mtu huyu angeweza kusahau kula, lakini hakuweza kuona maji ya bluu akanyamaza. Alikuwa ameandika kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko letu, safu ya metali kutoka juu kwenda chini: zile zenye haraka ya kuungana na vitu vingine zikiwa juu, zile zisizojali zikiwa chini. Juu kabisa aliweka zile ambazo hatujawahi kuziona, alizosema ukizitia majini zinawaka moto. Katikati zinki, kisha chuma. Chini yake shaba. Chini kabisa fedha na dhahabu.

"Dhahabu ni mvivu kuliko zote," alimwambia mama, ambaye alikuwa anajaribu kupika. "Haishiki kutu, haigombani, haifanyi lolote. Na ndiyo mnayoivaa shingoni."

"Mimi sina dhahabu, Bwana Shamba. Nipishe nichukue chumvi."

"Sasa sikiliza. Ukitumbukiza chuma kwenye maji yenye shaba, chuma kina haraka kuliko shaba. Chuma kinaingia majini, shaba inatolewa nje. Haina pa kwenda, inakaa juu ya chuma. Ule wekundu unaouona kwenye kisu chako ni shaba, mama mwenye nyumba. Nimekupaka shaba bure."

"Nikirudi nikute kisu changu hakina shaba," alisema mama.

Mama hakusoma mbali, lakini alikuwa na kipaji cha kushika jambo analolikataa. Aliielewa ile safu ya ukutani siku alipoharibikiwa ndoo. Ilikuwa ndoo ya bati, nzuri, aliyoinunua Kilosa mjini na kuibeba mapajani mpaka nyumbani. Alichanganyia dawa humo asubuhi, akaitwa msibani, akarudi saa za alasiri akakuta bluu imepauka na ndani ya ndoo kumeota ukoko wa kahawia unaobanduka kwa kidole. Akapuliza hivyohivyo. Ukungu ukaendelea na safari yake.

Bwana Shamba aliinama kwenye ile ndoo kwa furaha isiyo na adabu. "Bati lina zinki juu yake," alisema. "Zinki iko juu zaidi ya chuma. Imeitoa shaba yote majini. Hongera, mama, umeitibu ndoo. Nyanya zimepata maji."

Mama hakumsemesha mpaka siku ya pili. Lakini kuanzia hapo alichanganyia dawa kwenye ndoo ya plastiki, na akawa anawacheka wenzake wanaotumia mapipa ya chuma.

Bwana Shamba alikuwa na misemo yake ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitumia. "Niulizeni kabla, msiniulize baada." Hiyo ilikuwa ya asubuhi. Ya jioni, akiwa amechoka na pikipiki ya serikali imeisha mafuta njiani kama kawaida yake, ilikuwa, "Leo nimefundisha watu sita na mbwa mmoja, na mbwa ndiye aliyebaki mpaka mwisho." Na kulikuwa na moja aliyoirudia mara nyingi zaidi, ambayo mimi niliidharau kwa sababu nilikuwa kijana na nilidharau mengi: "Kutoona kitu nako ni jibu."

Hiyo ilihusu kisu.

Mrututu peke yake ni mkali, unaunguza majani. Chokaa ndiyo inayoutuliza. Chokaa ikitosha, shaba yote inashikwa, inakaa kwenye majani polepole na kuzuia ukungu bila kuunguza. Ikipungua, kuna shaba inayozurura huru majini, na hiyo ndiyo inayochoma. Utajuaje kama chokaa imetosha? Unachukua kisu cha chuma, unakisugua mpaka king'ae, unakichovya kwenye dawa kwa muda mfupi. Kikitoka chekundu, bado kuna shaba inayozurura: ongeza chokaa, koroga, chovya tena. Kikitoka kama kilivyoingia, dawa iko tayari. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote, na ndiyo iliyokuwa inamaliza visu vyetu, maana alikuwa anafanya mazoezi nyumbani kama mwanakwaya. Mama alijaribu kujiokoa kwa kununua kisu cha stenlesi. Kilikataa kuwa chekundu hata kwenye mrututu mtupu. Bwana Shamba alikigeuza huku na huku, akakirudisha mezani na kusema kisu hicho ni mnafiki.

Sasa nije kwenye semina.

Kwetu semina ina taratibu zake. Watu wanakuja kwa sababu ya soda. Hili si tusi, ni utaratibu, na mwendesha semina mwenye akili anajua kwamba soda zinagawiwa mwisho, maana chupa ikifunguliwa somo limekwisha, hata kama msemaji yuko katikati ya neno. Bwana Shamba alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa wilaya nzima. Siku ile, kwenye kibanda cha ghala la kijiji, watu walikuwa wamejaa, jua lilikuwa kali, na mtendaji wa kijiji alichelewa kuja na makreti. Bwana Shamba akaanza bila soda. Alikuwa kwenye kilele cha maisha yake. Alichanganya mrututu kwenye ndoo ya plastiki, akatia chokaa kidogo tu makusudi, akanyanyua kisu kilichosuguliwa kikang'aa, akakionyesha kushoto na kulia kama mganga wa maonyesho, akakichovya. Kikatoka chekundu.

Watu waliguna. Hata mimi niliyekua na visu hivyo niliguna, maana mbele ya umati kitu kinakuwa kingine. Baba Kulwa, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mapacha wake, alisimama ili aone vizuri.

"Mmeona?" Bwana Shamba alisema. "Huu wekundu ni shaba. Shaba imetoka majini. Sasa, kisu kikitoka chekundu namna hii..."

Hapo pikipiki ya mtendaji ikaingia na makreti. Soda zilikuwa baridi, zimetoka kwenye barafu huko Dumila, na kila mtu aliona chupa zinavyotoka jasho. Mtendaji akasema zigawiwe sasa hivi kabla hazijapata moto. Bwana Shamba aliangalia watu, akaangalia jua, na huruma ikamshika. Akasema, "Basi kunyweni, tutaendelea." Hakuna aliyeendelea na chochote. Walikunywa, wakarudisha chupa, wakaenda zao.

Kwa hiyo Magole nzima iliondoka na nusu ya somo, na ile nusu waliyoondoka nayo ndiyo ya kupendeza. Kisu chekundu. Ndani ya wiki moja ilikuwa fasheni. Wanaume walikuwa wanasimama kwenye duka la pembejeo na mapanga, wanaomba mwenye duka awayeyushie mrututu kidogo wapime kama si feki, na panga likiiva wekundu wanasema dawa hii ni ya ukweli. Vijana walishindana panga la nani limekolea. Mtu akiambiwa aongeze chokaa anasema kwa nini aipunguze dawa nguvu. Wekundu unaonekana, bwana. Kisu kinachotoka kama kilivyoingia kinakwambia nini?

Bwana Shamba hakuyaona hayo. Aliitwa Kilosa kwenye mkutano uliozaa mikutano mingine, na aliporudi alikuta mambo yamekwisha.

Wengi waliungua kidogo. Kingo za majani zikakauka, maua yakadondoka, wakavuna nusu. Mama hakuungua hata jani, kwa kuwa alikuwa amelisikia somo zima jikoni kwa miaka bila kupenda. Aliyeungua hasa ni Baba Kulwa. Yeye alikuwa ameamini kuliko wote, kwa sababu aliyemfundisha alikuwa rafiki yake. Hakutia chokaa kabisa. Kisu chake kilikuwa chekundu kuliko vyote Magole, alikuwa anatembea nacho anakionyesha, na ekari yake yote ya nyanya, iliyokuwa imeanza kuweka matunda, ilikuwa ya kahawia kabla mwezi haujaandama. Nilikwenda kuiona. Nilikuta mapacha wamekaa kwenye tuta, na mama yao anaokota zile nyanya mbichi ndogo kwenye kanga, sijui za kufanyia nini.

Asubuhi iliyofuata Bwana Shamba alisimama pale pale upande wa pili wa ng'ombe. "Shikamoo, mzee."

Baba Kulwa alikuwa anakamua. Aliendelea kukamua.

"Shikamoo, mzee," akarudia kwa sauti zaidi.

Wasiotoka kwetu watasema ni salamu tu. Mtu mzima akinyimwa marahaba na mtu anayemheshimu, mbele ya njia wanayopita watu, hajui aondoke vipi. Bwana Shamba alisimama muda, akazunguka kwa nyuma kupitia kwenye mahindi ya watu, akaenda kazini na umande mpaka magotini.

Ningependa kusema alikwenda kuomba msamaha kistaarabu. Hakwenda. Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji, watu wakamsema kwa zamu, na ilipofika zamu yake akashika kipaza sauti na kusema, "Mimi sikumaliza somo. Ninyi mlifuata soda." Alikuwa anasema kweli tupu. Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Mmoja akasema bwana shamba gani huyu, mbuzi anamshinda. Mwingine akataka ahamishwe. Baba Kulwa aliinuka akachukua fimbo yake akaondoka, na Bwana Shamba akanyamaza katikati ya sentensi akimwangalia anavyokwenda.

Usiku ule mama alimpelekea chakula mpaka chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimsikia anamwambia, "Haki yako unayo. Lakini ungeanza na pole."

"Ningeanza na pole wangesema nimekiri."

"Na sasa wamesema nini?"

Akavuta sahani, akaanza kula.

Barua ya uhamisho ilikuja, akapelekwa Mamboya, huko milimani kwenye misheni ya zamani na baridi yake. Alivyotuaga ilikuwa ovyo, alisahau godoro na akachukua mwiko wetu. Kisha akaenda kumuaga Baba Kulwa. Nilimsindikiza, nikabeba begi. Safari hii alipita katikati ya ng'ombe, jasho linamtoka, mikono ameinua juu kama mtu anayevuka mto. Akafika mbele ya mzee akasema shikamoo. Mzee akamtazama usoni kwa muda, akageuka, akaingia ndani.

Mimi nilidhani yamekwisha. Kumbe alikuwa king'ang'anizi kuliko nilivyomjua. Siku za mnada alikuwa anashuka kutoka Mamboya, mwendo wote ule wa mavumbi, anapita kwetu kunywa chai na kumtukana mbuzi, kisha anakwenda zizini anasema shikamoo, anasubiri kidogo, anaondoka. Miaka inakwenda. Mama alimwambia, "Si uache, Bwana Shamba? Amekataa."

"Hajakataa. Hajajibu."

"Kuna tofauti gani?"

"Ipo," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutueleza, mimi wala mama, tofauti yenyewe ni ipi. Nilimwonea huruma siku ile mpaka nikachukia. Nilichukia kwamba mtu mwenye mdomo wote ule alikuwa anaumizwa na neno moja la mzee wa watu.

Alipostaafu alihamia Mikumi kwa binti yake mwenye duka la vyombo karibu na barabara kuu. Mama alipofariki alikuja kuzika, akakaa na wanaume, akapita zizini, akarudi. Sikumuuliza. Uso ulitosha.

Mimi siku hizi nalima nyanya zaidi ya alivyolima mama, na nyingine nazipeleka Mikumi, kwa akina mama wanaopikia madereva wa malori. Kiangazi hiki nilipita dukani kwa binti yake. Nilimkuta Bwana Shamba amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umevimba ameunyoosha juu ya ndoo iliyofunikwa, gambuti moja tu mguuni, anagombana na mteja kuhusu sufuria. Alikuwa amekonda. Sauti ilikuwa ileile.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, binti. Umezeeka."

Nilimpa nyanya. Akainusa moja, akaitazama kitako, akasema ardhi yangu ina upungufu wa chokaa, jambo ambalo nilikuwa nalijua. Kisha akaanza kuuliza habari za Magole, nyumba moja baada ya nyingine: nani kauza shamba, nani kaoa tena, mtendaji yule kafungwa au bado. Alizunguka kijiji chote akaruka nyumba moja.

Nikamwambia mwenyewe. Nilimwambia kwamba Baba Kulwa siku hizi ndiye mwalimu wa mrututu Magole nzima. Kijana akitaka kuanza nyanya anapelekwa kwake. Anamkalisha, anachanganya mbele yake kwenye ndoo ya plastiki, anachovya kisu, kikitoka chekundu anamwongezea chokaa, anachovya tena mpaka kitoke kisafi. Asiyesikiliza mpaka mwisho anafukuzwa. Watu wa Dumila wanakuja. Ukungu haujatusumbua misimu kadhaa.

Bwana Shamba alikuwa ameacha kuila ile nyanya. "Amesema kajifunza wapi?"

Nilitamani kudanganya. "Anasema aligundua mwenyewe."

Lori likapita, lingine likapita. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na akacheka mpaka akakohoa na binti yake akachungulia mlangoni.

"Safi sana," alisema alipopata pumzi. "Angesema ni mimi, nani angemwamini? Mimi nimeunguza nini? Yule ameunguza ekari."

Lakini kicheko kilipoisha uso wake ulibaki kama siku ile ya umande, na mimi sikuvumilia tena. Nilitoa simu, nikampigia Baba Kulwa. Iliita muda mrefu. Alipopokea nilimsalimu, akaitikia, nikasema kuna mtu hapa Mikumi anataka kukusalimia. Bwana Shamba alikuwa ananitikisia kichwa kwamba hapana. Nilifungua spika, nikamshikisha simu.

Aliishika mbali na uso. Kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ndogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Bwana shamba wako wa zamani."

Upande wa pili ng'ombe walikuwa wanasikika, na mtu mmoja aliyekuwa anapiga nyundo mahali fulani. Nilitazama kioo kuona kama simu imekatika. Haikuwa imekatika.

"Marahaba," alisema Baba Kulwa.

Bwana Shamba alifumba macho.

"Huko Mikumi umepanda nyanya?"

"Hata mche mmoja sina, mzee."

"Hata kama. Utapanda. Sasa sikiliza vizuri, nikufundishe kitu kuhusu mrututu, na usinikatize."

Akaanza. Alianza mwanzo kabisa, kwenye ndoo, kwa nini ya plastiki na siyo ya bati. Akaeleza kuyeyusha. Akaeleza kusugua kisu. Mtu aliyekuwa hawezi kumwacha mwenzake amalize sentensi moja yenye neno shaba alikaa pale kwenye kiti anasema, "Ee mzee. Ee. Kumbe." Kuna mahali Baba Kulwa alisema ule wekundu ni kutu, kutu ya haraka inayotolewa na ukali wa dawa, na nikaona mdomo wa Bwana Shamba unafunguka, shingo inasimama. Nikamkazia macho. Akaufunga mdomo, akameza mate.

"Kwa hiyo kikitoka chekundu," Baba Kulwa akaendelea, "usifurahi. Ongeza chokaa. Koroga. Chovya tena. Mpaka kitoke hakina kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hebu rudia."

Bwana Shamba alirudia. Alirudia yote, kwa mpangilio uleule, taratibu, hakuruka hata hatua moja, na alipofika kwenye kutu akasema kutu. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta kwa sababu simu alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili.